Amana ya Shilinde

Remigius aliporudi Ifakara kutoka Dar es Salaam na amri ya Mahakama Kuu ndani ya bahasha ya kaki, alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake Angelina, kwa sababu hakuwa na kwingine pa kwenda. Nyumba yake ilikuwa imeuzwa. Mashine ya kukoboa mpunga aliyokuwa nayo karibu na stesheni ya reli ilikuwa imeuzwa, na lori, na hata mizani. Mkewe Rosa alikuwa amerudi kwao Masagati, mbele ya Mlimba, tangu madalali walipobandika matangazo mlangoni. Zamani mtu huyu akipita sokoni watu waliacha biashara zao kuja kumpa mkono. Siku hiyo alishuka kwenye basi la Kidatu na kibegi kimoja, akatembea pembeni mwa barabara kama mgeni.

Angelina alikuwa barazani kwenye cherehani, akishona sare za shule. Aliinuka akampokea kibegi.

"Pole na safari, kaka."

"Nimeachiliwa," Remigius akasema, hata kabla hajakaa. "Jaji amesema basi. Deni la benki limefutwa. La mafuta limefutwa. La yule tajiri wa Morogoro aliyenipa magunia, nalo limefutwa. Mfilisi aliyewekwa na mahakama aliuza alichokiona, akawagawia wadai kilichopatikana, na kilichobaki hakuna atakayenidai tena mpaka nife. Angelina, sidaiwi na mtu!"

Angelina alilia. Miaka mitatu alikuwa amemwona kaka yake akiishi kama mtu aliyekatwa miguu. Mufilisi haruhusiwi kukopa bila kujitaja kuwa ni mufilisi, na mjini pale ni nani angemkopesha? Hakuweza kufungua hata kibanda. Sasa angeweza kuanza upya, na Angelina alifurahi kwa moyo wote, maana huyu hakuwa kaka tu. Wazazi wao walifariki Angelina akiwa bado mtoto mdogo. Remigius ndiye aliyekuwa akinunua samaki mtoni, akiwakausha kwa moshi na kuwapandisha treni kwenda kuwauza, ili mdogo wake asome, kisha ajifunze ushonaji. Angelina alipofiwa na mume, Remigius ndiye aliyemjengea nyumba hii ya matofali ya kuchoma. Angelina alimpa chumba cha nyuma, akamtandikia kitanda yeye mwenyewe.

Lakini usiku huo usingizi ulimpaa, kwa sababu katika madeni yote aliyoyataja kaka yake, moja hakulitaja.

Lilianza mwaka tisini na mbili, siku ya mnada wa ng'ombe. Shilinde, Msukuma aliyehamia bondeni na mifugo yake miaka michache nyuma, alikuwa ameuza maksai wengi kwa mara moja. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka, na njia ya kurudi kwake ng'ambo ya mto ilikuwa imeharibika. Wiki ile ile wachuuzi wawili walikuwa wamevamiwa na kuporwa. Basi akaja mashineni kwa Remigius, mkewe Nyamizi akiwa nyuma yake na fedha zimeviringishwa kwenye kaniki. Remigius alikuwa na sefu ya chuma, na wakati huo jina lake lilikuwa halina doa.

"Nitunzie," Shilinde alimwambia. "Nataka kununua kiwanja hapa mjini, watoto wakae karibu na shule. Nikikipata nitazifuata."

"Nikuandikie karatasi?"

"Karatasi mimi sizijui." Shilinde aligeuka, akamwona Angelina ambaye alikuwa amemletea kaka yake chakula. "Na huyu nani?"

"Mdogo wangu."

"Basi huyu ananitosha. Mayu, mama yangu, uangalie vizuri. Simkopeshi ndugu yako. Namwekea tu. Zinavyoingia humu ndivyo zitakavyotoka."

"Nimeona," Angelina akajibu. Remigius akafungua sefu, akaziweka ndani mbele yao wote, akafunga.

Msimu uliofuata mchele wa kutoka nje ulijaa Dar es Salaam, bei ikaporomoka, na Remigius akawa na ghala zima la mpunga alioununua ghali kwa fedha za benki. Lori likahitaji matairi. Mashine ikahitaji mafuta. Akafungua sefu, akajiambia kwamba anaazima, atarudisha akishauza. Hakurudisha. Shilinde alipokuja kuzidai, aliambiwa zimepelekwa benki kwa usalama, aje baada ya mavuno. Alipokuja baada ya mavuno, aliambiwa meneja amesafiri. Kisha Shilinde akaugua, akafa, na mpaka anafariki aliendelea kumwambia mkewe kwamba fedha ziko, Remigius ni mtu mzima, hawezi kula cha watu.

Remigius alipotangazwa kuwa mufilisi, wadai wote waliitwa kwa tangazo la gazetini waandikishe madeni yao. Nyamizi hakuwa na gazeti kule porini, na hata angekuwa nalo asingeweza kulisoma. Alisikia tu kwamba mashine imeuzwa. Akaja mjini, akaambiwa asubiri. Akasubiri.

Masika ya mwaka tisini na nane, mvua kubwa za mwaka ule zilipoanza kupungua na mitumbwi ikaweza kuvuka bila hofu, Nyamizi alifika nyumbani kwa Angelina. Alikuja na shemeji yake Yoramu, ndugu wa marehemu, mtu mrefu mwenye uso usioonyesha chochote. Remigius alikuwa uani. Alitoka, akasimama mlangoni.

"Nimesikia umemaliza kesi yako huko Dar," Nyamizi akasema. "Nimefuata zile fedha."

"Mama, pole sana. Madeni yangu yote yamefutwa na mahakama. Hata lako. Si mimi niliyetaka, ni sheria."

"Mimi sikukupa deni," Nyamizi akasema.

Yoramu hakumtazama Remigius hata kidogo. Alikuwa akimtazama shemeji yake, na Angelina akayaona macho yale. Alipowasindikiza mpaka njiani, Nyamizi alibaki nyuma akamweleza kwa sauti ndogo. Ukoo wa mumewe ulikuwa ukisema fedha za ng'ombe hazikuwahi kuwekwa popote. Walisema Nyamizi ndiye aliyezila, tena na mwanamume. Kwa ajili hiyo walikwisha kumnyang'anya ng'ombe waliobaki, na binti yake Kija alikuwa akilelewa kwa Yoramu, mama yake akimwona kwa ruhusa.

"Hela nazitaka, mayu, nisikudanganye," Nyamizi akasema. "Lakini hata zisipopatikana, nataka mtu aseme mbele ya watu kwamba mume wangu aliziweka. Naenda mahakamani. Nitakutaja wewe."

Samansi zilikuja mbili katika nyumba moja: moja ya mdaiwa, moja ya shahidi. Zililetwa na mtu mmoja kwa baiskeli, akasainiwa zote kwenye meza ile ile.

Jumapili ya kuamkia kesi walikwenda misa pamoja, wakarudi pamoja, bila maneno mengi. Angelina alikuwa akichambua mchele uani Remigius alipovuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Nilizungumza na wakili kule Dar," akaanza. "Nilimuuliza kama rafiki, bila kutaja majina. Ameniambia sheria inachambua madeni kama unavyochambua huo mchele. Mkopo, hata mkubwa vipi, mufilisi akiachiliwa unakufa. Aliyechelewa kuandikisha, shauri yake. Lakini kodi ya serikali haifi. Na mali ya mtu uliyokabidhiwa uitunze, ukaila kwa hila, nayo haifi. Hiyo utazeeka nayo." Akakisogeza kigoda karibu. "Kwa hiyo kesho kuna neno moja tu. Mkopo au amana."

"Nilikuwepo, kaka."

"Najua ulikuwepo. Sikuombi utunge hadithi. Mtu anayempa mfanyabiashara fedha, anajua yuko kwenye biashara, fedha zinazunguka. Hiyo haina tofauti na kumkopesha. Sema ulielewa hivyo."

"Alisema hakukopeshi. Alinigeukia mimi akaniambia."

"Shilinde amekufa, Angelina."

"Nyamizi yuko hai. Na mtoto amechukuliwa."

Remigius aliinama, akaokota punje zilizodondoka, akazirudisha kwenye ungo moja moja. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nilipokuwa nalala juu ya magunia ya samaki kwenye behewa ili wewe uende shule, nilikwambia nakudai? Nilipokujengea hapa? Sijawahi kukudai kitu, wala sikufikiria nitakuja kukudai. Kesho nakudai neno moja. Ukinipa hilo, nitaanza upya nikiwa mtu kama watu wengine. Usiponipa, watakuwa wamenifilisi mara mbili, na mara ya pili ni wewe."

Kila alichokisema Remigius kilikuwa kweli. Angelina aliinuka akawasha mkaa, akapika, na wote wawili hawakumaliza sahani zao. Hakumwambia ndiyo. Hakumwambia hapana. Baadaye, kila alipoikumbuka siku hiyo, alijilaumu kwa jambo hilo kuliko kwa lolote jingine, kwamba alimwacha kaka yake alale na matumaini.

Chumba cha mahakama kilijaa. Wasukuma kutoka ng'ambo walikaa upande mmoja, wafanyabiashara wa sokoni upande wa pili, waliokuja kumwona tajiri wa zamani. Mwenye upande wa tatu alikuwa baba mdogo wa Remigius na Angelina, mzee Hermenegildi, peke yake karibu na dirisha, mkongojo katikati ya magoti. Nyamizi alieleza yake kwa Kiswahili cha kusita lakini kilichonyooka. Remigius, ambaye hakuwa na fedha za wakili, alijitetea mwenyewe. Alimwonyesha hakimu amri ya Mahakama Kuu, akasema fedha alizipokea kama mkopo wa biashara, na mkopo ule ulikwisha pamoja na mikopo mingine.

Kisha akaitwa Angelina. Alishika Biblia, akaapa, na alipoachia aliona alama ya jasho la kiganja chake kwenye jalada.

"Ulikuwepo fedha zilipotolewa?" hakimu akauliza.

"Nilikuwepo, Mheshimiwa."

"Marehemu alisema nini?"

Angelina hakumtazama kaka yake. Alitazama mbao za meza ya karani. "Alisema, 'Simkopeshi ndugu yako. Namwekea tu.' Kaka yangu akaziweka kwenye sefu, akafunga. Ilikuwa amana."

Upande wa Wasukuma mtu alivuta pumzi kwa nguvu. Hakimu aliandika, akainua uso.

"Mdaiwa, una swali kwa shahidi?"

Remigius alisimama. Alikuwa amevaa shati ambalo Angelina mwenyewe alimpigia pasi asubuhi.

"Shahidi," akasema, "ni nani aliyekusomesha?"

"Swali hilo halihusiki na shauri," hakimu akasema.

"Naomba nilijibu, Mheshimiwa." Sasa Angelina alimtazama. "Ni wewe, kaka. Ulinisomesha, ukanilea, ukanijengea nyumba. Hakuna mtu duniani aliyenitendea wema kama wewe. Na fedha za Shilinde zilikuwa amana."

Remigius alibaki amesimama kana kwamba bado anatafuta swali. "Sina lingine," akasema mwishowe, akaketi.

Alipotoka mahakamani hakumngoja mdogo wake. Angelina alipofika nyumbani alikuta chumba cha nyuma kimefagiwa, kitanda kimetandikwa, kibegi hakipo. Jirani alimwambia amemwona akielekea stesheni. Treni ya kwenda Mlimba ilipita jioni ile, na Angelina akasikia honi yake akiwa amekaa kwenye kile kitanda.

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata, mdaiwa akiwa hayupo. Hakimu aliisoma polepole ili wote waelewe. Alisema sheria ya ufilisi ina huruma, na huruma yake ni kwa mtu aliyekopa kwa nia njema akashindwa, maana biashara ni bahati na msimu, na haifai mtu aliyeshindwa afungwe shingo maisha yake yote. Lakini huruma hiyo haimfikii mtu kwa kitu alichokabidhiwa akakila huku akimdanganya mwenye mali kwamba kipo. Benki ilijua inahatarisha fedha zake. Ndiyo maana ilitoza riba. Shilinde hakuhatarisha chochote. Hakutoza riba. Alimwamini mtu. Kwa hiyo amri ya kuachiliwa ilifuta madeni mengine yote na hili ililiacha lilivyo, na Remigius angelilipa kidogo kidogo kila mavuno hadi liishe.

Nyamizi hakupiga vigelegele. Aligeuka tu, akamwambia shemeji yake, "Umesikia?" Yoramu akasema kwa Kisukuma maneno ambayo Angelina hakuyaelewa, na Nyamizi akajifunika uso kwa khanga. Kabla ya kiangazi kwisha, Kija alirudishwa kwa mama yake, na baadhi ya ng'ombe walirudi pia.

Kwa upande wake Angelina mambo yalikuwa mengine. Mzee Hermenegildi alikuja barazani, akakataa kiti, akasema akiwa amesimama, "Damu yako umeipeleka kizimbani kwa ajili ya watu wa kuja." Angelina akamjibu, "Baba, niliulizwa nikiwa nimeapa." Mzee akasema kuna viapo vinavyotangulia vile vya mahakama, akaenda zake. Kwenye arusi ya binti wa shangazi yao hakuna aliyemletea nguo za kushona. Kanisani watu walimpisha nafasi pana kuliko aliyohitaji. Alivumilia. Alimwandikia kaka yake Masagati, akajibiwa na Rosa kwa mistari michache kwamba Remigius amefika, wanalima, ni mzima.

Mavuno ya kwanza hayakuja na kitu. Watu walimshauri Nyamizi aombe mdaiwa akamatwe, akakataa. "Akikaa ndani atalima na nani?" akasema.

Mwaka wa pili, kiangazi, Angelina alikuwa barazani na kazi yake alipoona mtu anakuja kutoka upande wa mtoni, amekunja suruali, miguu ina tope lililokauka. Alimtambua kwa mwendo. Remigius alikuwa amekonda, amekuwa mweusi kwa jua, na mabega yaliyozoea shati la pasi yalikuwa yamejaa kama ya kijana mbeba mizigo. Alisimama kwenye ukingo wa baraza.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Akatazama cherehani, kisha chini. "Una maji ya kunawa?"

Angelina alimletea ndoo na sabuni. Alinawa miguu kwa muda mrefu. Alipokaa alieleza, bila kuulizwa, kwamba ameleta mpunga kwa treni, ameuuza sokoni asubuhi, na fedha amezivusha mwenyewe ng'ambo kwa Nyamizi.

"Ungemtuma mtu," Angelina akasema.

"Nilitaka kumtuma mtu. Halafu nikaona nitakuwa nimempa mtu mwingine amana." Hakutabasamu. "Nilidhani atanitukana. Nilijiandaa njia nzima. Akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akakaa kuningoja ninywe."

"Ukanywa?"

"Ningefanya nini? Nikanywa." Akaisogeza ndoo pembeni. "Yule binti yuko shule. Ameniamkia, hanijui mimi ni nani. Nikamwambia mama yake, bado mavuno matatu, labda manne. Akasema sawa."

Angelina akaenda jikoni. Walikula wali na kambare, safari hii sahani zikaisha. Remigius hakusema amemsamehe, na Angelina hakumwomba. Ile Jumapili haikutajwa. Alilala chumba cha nyuma, na asubuhi Angelina akamfungia andazi kwa safari, akamsindikiza hadi stesheni.

Treni ilichelewa. Walikaa kwenye benchi kati ya magunia ya watu, na Remigius akamweleza habari za shamba: ndege walivyo wengi mwaka huu kule Masagati, Rosa anavyoshinda juani akiwafukuza kwa kombeo, jinsi mpunga wa bondeni unavyokomaa haraka kuliko wa mlimani. Angelina alimuuliza kama Rosa ana kitu cha kujifunika kichwa huko shambani. Remigius akafikiri, akasema hana cha maana.

"Nitamshonea," Angelina akasema. "Kofia ya kitambaa kizito, yenye ukingo mpana. Ukija mavuno yajayo utaipitia."

"Haya," Remigius akasema. "Nitaipitia."